Je, Wajua? Likasi Kinywani

Je, wajua kwamba kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita kulikuwa na watu Ulaya na Marekani waliotafuna nyama kwa meno yenye urani? Haikuwa ajali wala hujuma. Jino la asili lina tabia isiyoonekana mchana: likimulikwa na taa ya urujuanimno, hung'aa kwa weupe unaoelekea buluu. Kauri tupu haing'ai hivyo. Aliyewekewa jino la kauri akiingia ukumbi wa dansi wenye taa za namna hiyo, akicheka huonekana ana pengo. Watengenezaji wakagundua kwamba oksidi ya urani kidogo sana, ikichanganywa na unga wa kauri, humwondolea mteja aibu hiyo. Marekani iliweka ukomo wa asilimia 0.05 ya uzito, na mtindo wenyewe ukafa miaka ya 1980, elementi kama seriamu na terbiamu zilipochukua nafasi. Na urani haikuwa hata dawa nzuri: mng'ao wake ni wa njano-kijani, rangi ambayo jino la binadamu halina.

Katika miaka ya 1920, chanzo kikubwa kuliko vyote cha madini hayo kilikuwa Shinkolobwe, umbali wa kilomita zipatazo 20 magharibi mwa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo. Robert Rich Sharp alilitambua jiwe hilo mwaka 1915, na kuanzia 1922 lilisafishwa Olen, Ubelgiji. Kilichotafutwa kilikuwa elementi ya radiamu, iliyouzwa kwa bei ya kutisha kwa hospitali. Urani yenyewe ilikuwa masalio, ikienda kwa watu wa vioo na vyombo vya kauri wanaotaka rangi. Historia inaikumbuka Shinkolobwe kwa bomu la Hiroshima, na ni haki yake. Lakini kabla ya bomu, urani ya dunia ilikuwa kitu cha kupakia rangi sahani.

Mwaka mmoja, mambo matatu

Aliyeitambua urani ni mkemia wa Berlin, Martin Heinrich Klaproth, mwaka 1789. Mwaka huohuo, akichunguza kito kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, alitoa unga mweupe mkaidi ambao leo tunauita zirkonia. Urani imetoka kinywani; zirkonia ndiyo inayotawala sasa. Pengine Klaproth ni mtu pekee katika historia aliyevumbua nyenzo mbili za meno bila kumgusa mgonjwa hata mmoja.

Na mwaka huohuo wa 1789, huko New York, daktari wa meno John Greenwood alimtengenezea Rais George Washington meno ya bandia. Masimulizi ya kwamba yalikuwa ya mbao ni uzushi. Msingi wake ulichongwa kutoka jino la kiboko. Mafundi wa enzi hizo walilipenda kuliko pembe ya tembo kwa kuwa ni gumu zaidi na haligeuki njano upesi. Zanzibar ilisafirisha meno ya viboko pamoja na pembe za ndovu katika karne ya 19. Kasoro ya nyenzo hiyo ilikuwa moja, nayo ni kubwa: ni jino la mnyama, na likikaa kinywani miezi kadhaa huoza na kunuka. Kwa hiyo anayedhani kuchonga jino kutoka kwenye kipande kizima ni ubunifu wa kompyuta amechelewa kidogo. Kilichobadilika ni mkono unaoshika patasi, na kile kipande chenyewe.

Kobalti ilivyoingia kwenye taya

Turudi Likasi. Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi 1966 kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, ulijengwa kwa ajili ya kuyeyusha na kusafisha. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi 1929 chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, kikapita mikononi mwa kampuni ya serikali, Gécamines, na pamoja na shaba kimetoa kobalti. Leo mtu akitaja kobalti unafikiria betri ya simu na ya gari. Miaka ya 1930 ungefikiria rangi ya buluu, sumaku, na, kama wewe ni fundi wa meno, Vitallium.

Hiyo ni aloi ya kobalti na kromi, pamoja na molibdeni kidogo. Ilitokana na kazi ya Mmarekani Elwood Haynes, aliyetafuta chuma cha visu na zana kisichoshika kutu, akapata hataza yake ya kwanza 1907. Maabara ya Austenal ya Marekani ikaigeuza kuwa metali ya meno kuanzia 1929. Siri yake ni kromi: ikikutana na hewa hujifunika utando wa oksidi mwembamba mno, na mate hayapenyi. Kobalti inaleta ukakamavu. Aloi hiyo haipindi kirahisi, ukakamavu wake ni kama mara mbili ya ule wa aloi za dhahabu, na uzito wake ni takriban nusu. Ndiyo maana kiunzi cha meno ya kuvaa na kuvua kinaweza kuwa chembamba kama nusu milimita, kikapita juu ya kaakaa bila mwenyewe kuhisi amebeba kijiko.

Kisa ninachokipenda zaidi ni hiki. Daktari wa mifupa wa Boston, Marius Smith-Petersen, alihangaika miaka mingi kutafuta kitu cha kuweka kati ya mifupa ya nyonga iliyolika. Alijaribu kioo, kikavunjika. Akajaribu plastiki za wakati ule, mwili ukazikataa. Jibu alilipata kwa daktari wake wa meno, aliyemwambia ajaribu Vitallium. Mwaka 1938 akaanza kuiweka kwenye nyonga za watu, na ikakaa. Kwa kawaida meno huazima kutoka kwa tiba nyingine. Hapo nyonga iliazima kutoka kwenye meno.

Mashine iliyozaliwa na bei

Wengi hueleza habari za meno ya kidijitali kana kwamba zilianza na kompyuta. Mimi naona zilianza sokoni. Dola ya Marekani ilipoachana na dhahabu mwaka 1971, bei ya dhahabu ikaanza kupanda, na Januari 1980 ikapita dola 800 kwa aunsi. Kofia ya jino ya dhahabu, iliyokuwa kitu cha kawaida kwa mtu wa kipato cha kati Ulaya, ikawa anasa. Madaktari wakakimbilia nikeli na kobalti. Lakini Mei 1978 vita vilikuwa vimeingia Kolwezi, mji mwingine wa migodi wa Katanga, migodi ikasimama, na bei ya kobalti ikaruka mara kadhaa kwa muda mfupi, kiasi kwamba viwanda vingi vya sumaku vilihamia nyenzo nyingine. Nikeli ilikuwa rahisi, ila huleta mzio: kuna watu ambao hereni tu ya nikeli huwawasha sikio, sembuse kofia inayokaa kinywani usiku na mchana.

Matts Andersson wa Uswidi akaamua kutumia titani, metali ambayo mwili huipokea vizuri. Tatizo ni kwamba titani ikiyeyuka hula kila inachogusa, hata ukungu wa kumiminia, na hunyonya oksijeni ikawa dhaifu. Haimiminiki kirahisi, basi ichongwe. Kutokana na uamuzi huo ukazaliwa mfumo wa Procera, na kofia ya kwanza ikatoka 1983.

Wakati huohuo Mfaransa François Duret alikuwa amekwisha andika tasnifu yake mjini Lyon, mwaka 1973, kuhusu kupiga chapa ya jino kwa mwanga badala ya ule uji mzito unaojazwa mdomoni hadi mtu atapike. Mwaka 1985, mbele ya madaktari wenzake Paris, alimchongea mkewe kofia ya jino kwa mashine. Na Septemba 19 ya mwaka huo, Chuo Kikuu cha Zürich, Werner Mörmann na mhandisi Marco Brandestini waliziba jino la mgonjwa kwa kipande cha kauri kilichochongwa palepale, mgonjwa akiwa kwenye kiti. Mörmann naye alisukumwa na nyenzo: resini iliyotumika kuziba meno ya nyuma ilikuwa inasinyaa ikigeuka ngumu, ikiacha nyufa pembeni. Alitaka kipande ambacho kimekwisha kumaliza kusinyaa kabla hakijaingia kinywani.

Nenda kwa Andersson au kwa Mörmann, utakuta mashine ilikuja kutumikia nyenzo.

Jino kubwa kuliko jino

Je, wajua kwamba kofia ya zirkonia huchongwa ikiwa kubwa kupita kiasi, kwa asilimia 20 hadi 25? Zirkonia iliyokomaa ni ngumu mno, ingezimaliza zana kwa siku chache. Kwa hiyo kiwanda huuza kisahani chake kikiwa kimechomwa nusu, laini kama chaki, mashine ikakichonga bila shida, kisha kofia ikaingia tanurini kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi. Humo hunywea hadi kufikia kipimo halisi. Kila fungu la visahani hunywea kwa kiwango chake, kwa hiyo kisahani huandikwa namba yake ya kunywea, na namba hiyo huingizwa kwenye programu. Ukiikosea, kofia haiingii, au inaingia ikicheza.

Uchomaji wa kawaida huchukua saa sita, nane, hata zaidi. Hapa ndipo mtu wa Likasi anapaswa kuuliza swali ambalo vitabu vya watengenezaji havina haja ya kuliuliza: delestaji, yaani mgao wa umeme, ikipiga saa ya tano, itakuwaje? Mji huu una jirani mzuri wa umeme, bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililoanza kazi 1930 hasa kwa ajili ya viwanda hivi. Hata hivyo tanuri la meno halina subira. Zirkonia iliyokatishwa njiani haijashikamana barabara na haiaminiki, hata ikionekana imekamilika. Kwangu mimi, maabara isiyo na betri au jenereta ya kubeba tanuri hadi mwisho wa uchomaji isiwaze zirkonia kwanza, hata kama mauzo yake yanavutia. Kuna nyenzo za kuchonga zisizohitaji tanuri kabisa: bloku za resini iliyochanganywa na chembe za kauri. Zinatoka kwenye mashine, zinang'arishwa, zinagandishwa. Hazidumu kama zirkonia, ila zikimeguka hurekebishwa kinywani. Na msidhani ni za maskini: tangu 2014 bima ya afya ya Japani hulipia kofia za aina hiyo kwenye magego madogo.

Kwamba tanuri ni nusu ya nyenzo, ulimwengu wa nyonga ulijifunza kwa uchungu. Karibu na mwaka 2000 mtengenezaji mmoja wa Ufaransa alibadilisha tanuri la kuchomea vichwa vya nyonga vya zirkonia. Unga uleule, umbo lilelile. Mamia yakavunjika ndani ya wagonjwa, na mwaka 2001 yakaondolewa sokoni.

Ufa unaojibana

Kauri zote huchukia ufa. Ukianza, hukimbia hadi mwisho. Zirkonia iliyotiwa oksidi ya yitri kiasi cha asilimia 3 ya moli hufanya ajabu: fuwele zilizo kwenye ncha ya ufa hubadili mpangilio wake na kuvimba kwa asilimia 4 hivi, zikaubana ufa usiendelee. Watafiti watatu wa Australia waliitangaza tabia hii mwaka 1975, wakauliza kama hii si chuma cha kauri.

Ila zirkonia hiyo ni nyeupe butu, kama kigae. Wateja walitaka jino linalopitisha mwanga, wakaletewa ile yenye yitri nyingi zaidi, asilimia 5. Inapendeza. Lakini sehemu kubwa ya fuwele zake hazibadiliki tena, kwa hiyo haziubani ufa vilevile, na nguvu hushuka kutoka zaidi ya megapaskali 1,000 hadi kama 600. Visahani vyote viwili vinaitwa zirkonia na vina bei zinazokaribiana. Anayenunua kwa jina tu atakuja kuweka ya urembo kwenye gego la mtu anayesaga meno usingizini.

Waswahili husema meno ya mbwa hayaumani. Kofia ya zirkonia na jino la mkabala wake huumana vizuri sana, kama fundi ameacha uso wake una mikwaruzo. Iking'arishwa hadi iteleze, humla mwenzake kidogo kuliko kauri ya zamani.

Manono na Kwale

Tanuri lililokwama liliipa dunia nyenzo nyingine. Mwaka 1953 Donald Stookey wa kampuni ya Corning, Marekani, aliweka kioo cha lithiamu kwenye joto la nyuzi 600. Kipimo kikagoma, joto likapanda hadi 900. Alitarajia kukuta kioo kimeyeyuka na tanuri limeharibika. Akakuta kibamba cheupe, kikamponyoka kwenye koleo, kikaanguka sakafuni na kisivunjike. Miongo kadhaa baadaye kampuni ya Ivoclar ya Liechtenstein iliikuza familia hiyohiyo, disilikati ya lithiamu, kuwa kauri ya meno. Bloku yake huchongwa ikiwa na rangi ya buluu ya kushangaza, kisha dakika ishirini na kitu tanurini kwenye nyuzi 850 zinaipa rangi ya jino na nguvu ya megapaskali 400 hivi. Ubora wake mkubwa si nguvu. Asidi huweza kuichimba vijitundu, gundi ikaingia humo, kofia ikashikamana na jino. Zirkonia haikubali asidi hiyo. Kisiki cha jino kikiwa kifupi, kisichoweza kuishika kofia kwa umbo lake, disilikati ina faida. Kisiki kikiwa kirefu na taya lina nguvu, zirkonia. Nafasi ikiwa finyu kabisa huko nyuma, nusu milimita tu, basi ni metali, na asiyetaka kusikia habari za metali ajiandae kusagwa jino zaidi.

Lithiamu hiyo? Manono, katika mkoa wa Tanganyika, uliojulikana zamani kwa bati, umekalia moja ya hazina kubwa za lithiamu duniani. Zirkoni, mchanga unaozaa zirkonia, ulichimbwa Kwale, kusini mwa Mombasa, pamoja na madini ya titani, kuanzia shehena za 2014 hadi mgodi ulipofungwa Desemba 2024.

Rangi za chupa na rangi za watu

Kipimo cha rangi ya meno kilichoenea zaidi, cha kampuni ya Vita ya Ujerumani, kina rangi 16, kuanzia A1 hadi D4. Bloku nyingi huuzwa kwa majina hayo. Mtu aliyekulia Arusha au Nakuru, ambako maji yana floridi nyingi na meno huwa na madoa ya kahawia tangu utotoni, hayumo katika hizo 16. Kwake bloku ya rangi moja ni kosa. Atahitaji fundi wa kupaka kwa mkono. Na katika rangi anazopaka fundi, ile ya kijivu-buluu ya ncha ya jino mara nyingi ina oksidi ya kobalti.

Vumbi

Kobalti iliyomo kwenye kofia haina tabu kwa wengi. Vumbi lake lina tabu. Mafundi wa meno wanaosaga aloi yake bila kifyonza vumbi wamepata magonjwa ya mapafu, na jambo hilo limeandikwa katika majarida ya tiba kwa miaka mingi. Upande wa pili wa safari hiyohiyo, mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walitangaza kwamba wakazi wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi mno katika mkojo, watoto wakizidi. Sidhani kuna nyenzo nyingine ya meno inayomfuata mtu kwa namna moja mwanzoni na mwishoni mwa njia yake.

Umoja wa Ulaya umeiweka kobalti, tangu Oktoba 1, 2021, katika kundi la vitu vinavyodhaniwa kuleta saratani na kudhuru uzazi. Kifaa cha tiba chenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kobalti hutakiwa kuandikwa hivyo, na mtengenezaji aeleze kwa nini ameitumia. Kiunzi cha meno cha aloi ya kobalti na kromi kina asilimia 60 hivi. Hakijapigwa marufuku, kimeanza tu kujieleza.

Aloi hiyo nayo haikukubali mashine kirahisi. Kisahani kigumu cha kobalti na kromi hula zana, kwa hiyo watengenezaji wakaiga ujanja wa zirkonia: unga wa metali ulioshikwa kwa nta, unaochongwa mkavu kama sabuni, kisha kuchomwa ndani ya gesi ya argoni kwa nyuzi karibu 1,300. Wengine wameacha kuchonga, wanautandaza unga na kuuyeyusha kwa leza, tabaka juu ya tabaka. Njia hiyo hutupa kidogo, wakati kisahani kilichochongwa huacha kiunzi kizima cha masalio.

Anayeikimbia kobalti kwa kuchagua zirkonia aitazame ile keekee ndogo inayozunguka ndani ya mashine. Nyingi hutengenezwa kwa karbidi ya tungsteni, aina iliyoombewa hataza na Karl Schröter wa Berlin mwaka 1923. Punje za karbidi ni ngumu ajabu lakini hazishikani zenyewe. Hufungwa pamoja kwa metali nyingine, kwa kawaida asilimia 6 hadi 10. Metali hiyo ni kobalti.